Tamasha la piano La Roque d'Anthéron: kama una mtoto anayejifunza piano, mpeleke mchana, usisubiri onyesho la usiku

#1 Mwana wa Ngamiani (Marseille)

Salaam wanajamvi. Uzi huu nimeuweka kiporo tangu Agosti. Leo niko likizo, naushusha wote, tuvumiliane kwa urefu.

Binti yangu ana miaka 13. Alianza piano akiwa na miaka 7, hapa hapa Marseille, kwenye kinanda cha umeme nilichonunua kwa jirani Mngazija aliyekuwa anahama. (Kwa wasiojua, Marseille imejaa Wangazija. Kingazija chao mimi wa Tanga nakisikia nusu, nusu ya pili nabahatisha, na maisha yanakwenda.) Miaka minne ya mwanzo mtoto alikuwa na furaha tupu. Halafu akabadilishiwa mwalimu. Simtaji, wala sina kisasi naye. Alikuwa anampigisha vipande vitatu kwa mwaka mzima, vile vya mtihani basi, na akikosea anarudishwa mwanzo wa ukurasa. Mtoto anarudi nyumbani, anafunika kinanda kwa kanga, anaingia kulala. Mimi noti hata moja siijui. Nilichokijua ni kwamba mtoto aliyekuwa akiimba huku anafunga kamba za viatu, ameacha kuimba.

Kazini mwenzangu mmoja akaniambia kuhusu La Roque d'Anthéron. Ni mji mdogo wa watu elfu tano na ushee, uko kando ya mto Durance, upande wa kusini wa milima ya Luberon, kama kilomita 30 kutoka Aix-en-Provence. Tamasha lilianza mwaka 1981. Walioliasisi ni Paul Onoratini, aliyekuwa meya wa mji, na René Martin, ambaye baadaye, mwaka 1995, alianzisha lile tamasha jingine kubwa la Nantes, La Folle Journée. Kila mwaka, kuanzia mwishoni mwa Julai mpaka Agosti imekwenda sana, mji wote unakuwa piano. Wamepita pale mabingwa wa piano wa dunia: Sviatoslav Richter, Martha Argerich, Nelson Freire. Hélène Grimaud, mzaliwa wa Aix, alipiga pale mwaka 1987 akiwa na miaka 17.

Kiangazi cha kwanza nilifanya kosa ambalo nadhani wazazi wengi tunalifanya. Nilijibana, nikanunua tiketi mbili za onyesho la usiku, la mpigaji mwenye jina. Nikasema mtoto akimwona bingwa, moyo utamrudi.

Mahali penyewe ni pazuri, lazima niseme. Jukwaa kuu liko nje, kwenye bustani ya kasri la Florans, katikati ya miti ya platani iliyoishi karne na karne. Wenyeji wanasema iko 365, mti kwa kila siku ya mwaka. Nyuma na juu ya piano kuna kuba nyeupe kubwa iliyopinda kama kiganja, kwa sababu nje hakuna ukuta wa kuirudisha sauti, bila ile kuba ingepotelea angani. Onyesho linaanza saa tatu usiku. Mkifika mapema mnakuta nyenje wanalia mpaka hamsikilizani. Jua likizama, wanaanza kunyamaza mti mmoja mmoja, huu, halafu ule, na wa mwisho akinyamaza unasikia watu elfu mbili wakivuta pumzi. Mpigaji akaingia. Kipande cha kwanza binti alikaa wima. Baada ya mapumziko alilala begani kwangu mpaka mwisho.

Kwenye gari akaniambia, "Mama, yule hawezi kukosea. Mimi nakosea kila siku." Nikajua nimeongeza uzito badala ya kupunguza.

Mwaka uliofuata sikuwa na hela ya tiketi, na ndiyo ikawa kheri yetu. Wenyeji wakanieleza kwamba mchana kuna madarasa ya wazi, bure. Tamasha linaalika vikundi vya vijana, wapiga piano pamoja na fidla na selo, wanakaa siku kadhaa wakifundishwa na wakongwe mbele ya watu. Trio Wanderer, kundi la piano, fidla na selo, wamefundisha pale miaka mingi, Claire Désert, Emmanuel Strosser, watu wa kiwango hicho. Mwisho vijana hao nao wanafanya maonyesho yao, bure vilevile. Unaingia, unatafuta kivuli, unakaa.

Siku hiyo walikuwa vijana watatu, kwa kuwatazama umri wao kama miaka 20. Msichana kwenye piano, mvulana wa fidla, mvulana wa selo. Walikuwa na Trio (kipande cha vyombo vitatu) ya Ravel, mtunzi wa Kifaransa, aliyoiandika kiangazi cha 1914 kule Saint-Jean-de-Luz, akiimaliza mbio mbio kwa sababu vita imeanza na alitaka kwenda kujiandikisha jeshini. Inaanza na piano peke yake, kwa sauti ya chini sana.

Msichana akaanza. Mimi nikaona amepiga vizuri mno. Mwalimu akanyanyua mkono, wakasimama. Akamwambia kitu, akaanza tena. Mkono ukanyanyuka. Mara ya tatu mwalimu akawaambia wenzake waweke vyombo chini, wote wapige makofi. Mapigo ya pale mwanzo ni nane, lakini hayagawanyiki nne kwa nne, yanakwenda tatu, mbili, tatu. MOJA-mbili-tatu, MOJA-mbili, MOJA-mbili-tatu. Ravel mama yake alikuwa Mbaski, na mwendo huo unatoka kwenye ngoma za kwao. Wavulana wakashika haraka. Msichana akawa anapotea kwenye ile mbili ya katikati, anairefusha. Vidole vinazijua noti zote, mwili haujui mwendo.

Mwalimu akamwinua kwenye kiti. Akamwambia atembee. Basi yule binti akatembea pale chini ya miti, ndala miguuni, mwenzake wa selo anampigia makofi, mwalimu anatembea ubavuni kwake bila kusema neno. Wakaenda mpaka mti wa mbali wakarudi. Alipokaa tena hakuanza mara moja, alisubiri kwanza. Halafu akapiga, na hata mimi nisiyejua noti nilisikia kwamba sasa ile sauti inatembea.

Wakati huo binti yangu alikuwa ameshika mkono wangu. Nikasikia kidole chake kinanigonga kwenye mshipa, tatu, mbili, tatu. Akaninong'oneza, "Mama, na yeye anakosea."

Alihesabu. Yule msichana alisimamishwa mara 11 ndani ya dakika kama 40, na hakuna aliyemkasirikia, wala yeye hakuonyesha aibu. Mwishoni watu walimpigia makofi kuliko nilivyosikia kwenye lile onyesho la tiketi.

Tulirudi siku tatu mfululizo. Tulibeba chapati, maji na mto wa kukalia. Nyumbani kanga iliondoka juu ya kinanda bila mimi kusema kitu. Septemba nikambadilishia mwalimu.

Kwa hiyo ninachosema kwa mzazi yeyote mwenye mtoto anayejifunza chombo: kabla hujampeleka kumwona aliyefika, mpeleke akamwone anayefundishwa. Kama uko huku kusini mwa Ufaransa, uliza nitakueleza njia na yote.

#2 Mkongwe wa Solfa (Moshi)

Dada, ubarikiwe kwa kutuandikia. Nimesoma hadi mwisho nikarudia pale pa kutembea.

Mimi nafundisha kwaya ya vijana, mwaka wa 26 huu. Wapiga kinanda wangu wote wamejifunza kwa sikio. Anakaa nyuma ya aliyemtangulia, anatazama mikono, siku mwenzake akisafiri ndiyo anakalia kiti. Noti za mistari hawasomi, wanasoma solfa: do, re, mi. Wapo wanaoniambia hawa siyo wanamuziki mpaka wakasome noti. Inaniuma, maana nina kijana pale ukimwimbia wimbo mara moja anakuwekea sauti zote nne.

Swali langu: hayo mapigo ya tatu, mbili, tatu, kwa mtu asiyesoma noti yanaweza kufundishika? Na yule mwalimu alikuwa anasema nini akimsimamisha, au anasimamisha tu?

#3 Fundi Vibao (Dar es Salaam)

Mleta uzi, natyuni piano hapa mjini, nyingi za hoteli, makanisa na nyumba chache. Nina swali la kifundi, limeninyima raha tangu nilipoona neno "nje".

Piano ina nyuzi zaidi ya 200, na ukijumlisha mvuto wake ni kama tani 20 zinazovuta fremu ya chuma usiku na mchana. Joto likipanda waya unalegea, sauti inashuka. Kukipoa waya unakaza, sauti inapanda. Hiyo ni ya haraka, hata taa za jukwaani zinatosha kuileta. Unyevu nao unaingia kwenye ubao wa sauti, ubao unatuna, unazisukuma nyuzi juu, na hiyo inakuja taratibu, haionekani mpaka imeshaharibu. Hapa pwani unyevu ndio adui yangu. Nina mteja anawasha kiyoyozi Jumatatu hadi Ijumaa, Jumamosi anazima. Piano yake Jumatatu asubuhi siyo ile niliyoiacha.

Sasa hawa wanaweka piano ya onyesho nje, mchana kiangazi cha Provence, usiku kunapoa, na mtu anatarajiwa kupiga saa tatu usiku sauti ziwe sawasawa. Wanafanyaje?

#4 Mwana wa Ngamiani (Marseille)

Mwalimu wa Moshi, shikamoo. Fundi, karibu.

Mwalimu, alikuwa anasema. Hakuna hata mara moja alimsimamisha akakaa kimya. Mara ya kwanza alimwambia asikilize sauti ya chini kabisa ya mkono wa kushoto mpaka itakapokufa. Mara ya pili akamwambia mguu wake unakaa mno kwenye pedali, sauti zinarundikana. Kila mara jambo moja, halafu anamwachia ajaribu. Na kuhusu kusoma noti, pale kwenye kupiga makofi karatasi hazikutumika kabisa, zilifunikwa. Binti yangu alipoyashika yale mapigo kwenye mkono wangu alikuwa hajawahi kuiona karatasi ya Ravel maishani. Huyo kijana wako wa sauti nne, mbona anayo kazi ngumu tayari mkononi.

Fundi, lile onyesho la usiku la mwaka wa kwanza nilikaa pembeni, nikamwona fundi wao kwa karibu. Watu walikuwa bado wanaingia, yeye yuko peke yake jukwaani, taa zimewashwa, utepe wa kitambaa kizito umepitishwa katikati ya nyuzi, ufunguo wake mkononi, anagonga noti moja kwa nguvu, anavuta kidogo sana, anagonga tena. Mapumziko yalipofika, watu wanakwenda kunywa maji, yeye akapanda tena. Hakugusa zote, alikuwa anapita zile za juu, nyingine anaziruka. Baridi ilishaanza, mimi nimejifunga mtandio. Zaidi ya hapo sijui, nimekueleza nilichokiona.

#5 Fundi Vibao (Dar es Salaam)

Umenijibu vizuri sana. Kama taa zimewashwa mapema maana yake anaityuni ikiwa kwenye joto lile lile la onyesho. Na mapumziko anarekebisha zile za juu maana ndizo sikio linazisuta kwanza, huko kila noti ina nyuzi tatu, mmoja ukiteleza kidogo tu sauti inatetemeka. Huyo ni fundi hasa. Kupanda jukwaani watu wanakutazama, dakika 20 unazo, mpigaji yuko nyuma anasubiri, ukikata waya hapo umeliharibu onyesho. Nimepata moyo.

Wenye piano nyumbani pwani, mniruhusu kidogo: kaeni na unyevu kati ya asilimia 40 na 60 ukiweza, piano isikae ukuta unaopigwa jua wala mbele ya kiyoyozi. Na kama unawasha kiyoyozi, usikizime-zime.

#6 Nyuki wa Ngara (Nairobi)

Hamjambo nyote. Nimefurahia uzi lakini kuna mahali sikubaliani na dadangu, na nasema kwa heshima.

Mtihani si adui. Vijana wangu wawili wamefanya mitihani ya ABRSM (ile bodi ya mitihani ya muziki ya Uingereza) hapa Nairobi tangu daraja la kwanza. Kwetu ambako maonyesho ya piano ni machache, ile tarehe ya mtihani ndiyo inamwamsha mtoto saa kumi na moja kufanya mazoezi kabla ya shule. Sisi tuna Conservatoire of Music, chuo cha muziki, tangu 1944, pale Kenya Cultural Centre, na wengi waliopitia huko walianza na mitihani hiyo hiyo. Bila kipimo mzazi asiyejua muziki atajuaje kama pesa zake zinaenda mahali pazuri? Mwalimu anaweza kukwambia mtoto anaendelea vizuri miaka mitano.

Kosa la yule mwalimu wa kwanza ni kumpa mtoto vipande vitatu na kumfungia dunia nyingine yote. Hapo niko na wewe. Lakini wazazi wakisoma hapa wasikimbie mtihani.

#7 Mwana wa Ngamiani (Marseille)

Nyuki, nimekuelewa na nakubali. Huku tarehe zipo tele, maonyesho ya shule, ya mtaa, ya kanisani, sikufikiria kwamba huko mtihani unabeba kazi ya vitu vyote hivyo. Hata binti bado anafanya mtihani, Juni hii anao. Kilichobadilika ni kwamba mwalimu wa sasa kila wiki anampa kipande kipya cha kusoma siku hiyo hiyo na kukiacha, cha mtihani kinakaa pembeni.

#8 Mpita Mto (Wrocław)

Nasoma Poland, naongeza la huku kwa sababu linahusu watoto.

Kwenye mji wa chemchemi za tiba uitwao Duszniki-Zdrój, mwendo wa saa mbili hivi kutoka kwangu, kuna tamasha la Chopin, mtunzi wa piano wa Poland, kila Agosti, tangu 1946. Sababu ya kuwa pale ni kwamba Chopin mwenyewe aliletwa na mama yake kiangazi cha 1826, ana miaka 16, kuja kunywa maji ya tiba. Akiwa pale akapiga piano kwenye onyesho la kuchangia watoto yatima. Ukumbi ni mdogo, uko ndani ya bustani ya chemchemi, na siku hizi unaitwa kwa jina lake. Nilikwenda mara moja. Ukikaa safu ya tatu unasikia mpigaji anavyopumua kabla ya kushusha mkono.

Nao wana madarasa ya vijana, ila wanaofundishwa wanachaguliwa, siyo wa kuanza.

#9 Baba wa Watatu (Morogoro)

Wakuu, haya mazuri yote yako Ulaya. Mimi binti yangu ana miaka 10, kinanda cha umeme cha vibao 61, mwalimu anakuja Jumamosi. Visa na nauli sina na sitakuwa nayo karibuni. Nifanye nini na uzi huu?

#10 Mwana wa Ngamiani (Marseille)

Kaka, swali lako ni la haki, na samahani sikulifikiria nilipoandika.

Usisafiri. Maonyesho mengi ya La Roque yanarushwa na redio ya France Musique, na mengine yako kwenye televisheni ya ARTE, picha na sauti, mtandaoni. Yule kijana Alexandre Kantorow aliyepiga piano kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya Paris 2024, mvua inamnyeshea yeye na piano yake, amepiga La Roque zaidi ya mara moja. Mwonyeshe binti huyo kwanza, watoto wanampenda kwa ile mvua.

Lakini kwa maoni yangu kuna kitu bora zaidi ya video, na kipo Morogoro. Muombe mwalimu wako wa Jumamosi akusanye wanafunzi wake, hata wakiwa wanne, mara moja kwa mwezi, mmoja afundishwe wengine wakiwa wamekaa wanatazama. Kila mwezi zamu ya mwingine. Mwalimu asikemee. Chai na mihogo utapika wewe. Vibao 61 vinatosha kwa hilo.

#11 Baba wa Watatu (Morogoro)

Hilo naliweza. Nampigia leo.

#12 Mkongwe wa Solfa (Moshi)

Narudi na taarifa.

Jumapili baada ya ibada niliwabakiza vijana. Nikawaambia wafunge vitabu. Tukapiga makofi, tatu, mbili, tatu. Sauti ya tatu na besi walishika mara moja, wanasema ni kama ngoma ya bibi zao. Sopranu wakawa wanairefusha ile mbili ya katikati, sawasawa na yule binti wa Ufaransa. Nikawatoa nje, tukatembea kuzunguka kanisa. Mzunguko wa kwanza hapana. Wa pili nikamweka mbele yule kijana wangu wa kinanda, wao wamfuate nyuma yake. Tulipofika upande wa mgombani nikasikia miguu yote inatua pamoja.

Kijana akaniuliza huo wimbo wenyewe ukoje. Nikamwambia sijausikia. Dada, niandikie jina lake vizuri na jina la mtunzi, herufi kwa herufi, nimtafutie kwenye simu jioni hii.

#13 Mwana wa Ngamiani (Marseille)

Mwalimu: Maurice Ravel, Piano Trio in A minor. Sehemu ya kwanza inaitwa Modéré. Aanze kusikiliza mwanzo kabisa, piano ikiwa peke yake, na aongeze sauti ya simu maana inaanza chini sana. Binti anauliza kijana ana miaka mingapi.